Jerry Rice: maswali ambayo watu hawaachi kuuliza kuhusu risiva namba 80

Kila Super Bowl, yaani fainali ya futiboli ya Kimarekani, ikikaribia, ile inayotukuta huku saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, maswali yanaanza upya. Nani bora, nani alikuwa na spidi, huyu Rice mnayemtaja kila mwaka ni nani kwani. Nimeyaweka hapa sehemu moja, soma unachotaka ruka usichotaka.

Jerry Rice ni nani haswa?

Ni risiva wa futiboli ya Kimarekani, na kwa watu wengi, mimi nikiwemo, hajatokea bora kumzidi. Kazaliwa Oktoba 13, 1962 huko Mississippi. Kacheza NFL, ligi kuu ya mchezo huo, misimu 20, kuanzia 1985 mpaka 2004, kumi na sita ya mwanzo akiwa San Francisco 49ers, halafu Oakland Raiders, halafu kipande cha msimu Seattle Seahawks. Super Bowl kabeba tatu, zote na 49ers.

Mimi najua soka tu, risiva anafanya nini uwanjani?

Mfikirie kama winga anayechomoka nyuma ya beki, ila mpira anaudaka kwa mikono na anayempigia pasi ni kwotabeki. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10 (yadi moja ni sentimita 91 hivi), ukifaulu unapewa mengine manne, mpaka uingie mwisho wa uwanja, hiyo ndo tachidauni na ina pointi 6. Risiva anasimama pembeni, mpira ukianza anakimbia njia iliyochorwa tayari kwenye mpango wa kocha, hiyo njia wanaiita ruti, na akishadaka anatakiwa akimbie nao mpaka waliomzunguka wamwangushe. Kwa hiyo anapimwa kwa vitu vitatu: kadaka mara ngapi, kapata yadi ngapi, kafunga tachidauni ngapi. Basi, hayo yanatosha kuelewa yote yanayofuata.

Hadithi ya matofali ni ya kweli?

Ni ya kweli, na Rice mwenyewe kaisimulia mara nyingi. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na wakati wa joto watoto wa kiume walikuwa wanakwenda kumsaidia saiti. Jerry anapanda juu ya jukwaa, kaka zake chini wanamrushia matofali na yeye anadaka, wakati mwingine yanakuja kadhaa kwa mkupuo, chini ya lile jua la Mississippi. Watu wanapenda kusema eti ndo yalimpa mikono ile. Sijui, labda, ila mafundi wangapi duniani wanadaka matofali na hawajawahi kuwa risiva? Mimi naona kilichobaki kwake ni uzoefu wa kazi ngumu kuliko mikono.

Na mpira wenyewe aliuingia kwa adhabu. Alikuwa katoroka darasani, msaidizi wa mkuu wa shule akamtokea kwa nyuma, jamaa akatimua mbio. Kesho yake akala viboko, na kwa kuwa mbio zake zilikuwa zimeonekana, akapelekwa kwa kocha wa futiboli.

Mbona chuo alichosoma hakuna anayekijua?

Kwa sababu kilikuwa kidogo. Mississippi Valley State, kiko Itta Bena, ni moja ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, na vyuo vikubwa vyenye televisheni na hela havikumhangaikia. Lakini pale ndo alikutana na kocha Archie Cooley, mtu aliyekuwa anapiga pasi wakati wenzake wote wanakimbiza mpira mkononi, na kwotabeki Willie Totten. Mwaka 1984 Rice akafunga tachidauni 27 kwa kudaka, msimu mmoja huo. Chuoni walikuwa wanamwita "World", yaani hakuna mpira duniani asioudaka. Leo uwanja wa pale unaitwa Rice-Totten.

49ers walimpataje kama alikuwa chuo cha porini hivyo?

Hapa pazuri. Oktoba 1984 kocha wa 49ers, Bill Walsh, yuko hotelini Houston usiku wa kabla ya mechi, anaangalia marudio ya mechi za vyuo kwenye TV, anamwona huyu kijana anafunga na kufunga. Akaanza kumfuatilia. Shida ni kwamba 49ers msimu ule wakawa mabingwa, na kwenye drafti ya NFL, pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, bingwa anachagua wa mwisho, namba 28. Rice asingefika huko. Walsh akafanya biashara na New England Patriots, akawapa nafasi zake za raundi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na yeye akapata nafasi yao ya 16 pamoja na ya raundi ya tatu. Namba 16 akamchukua Rice. Kabla yake walishachukuliwa marisiva wawili, Al Toon alikwenda Jets namba 10 na Eddie Brown akaenda Bengals namba 13. Hawakuwa wabaya wale, walikuwa wachezaji wazuri kabisa, tatizo lao wanalinganishwa na Rice milele.

Ni kweli mashabiki wake wenyewe walimzomea?

Tena sana. Msimu wa 1985 alikuwa anaangusha pasi za wazi, mpira unamgonga mkononi unadondoka, na mashabiki wa Candlestick, uwanja wa 49ers, hawakuwa na subira na kijana aliyegharimu nafasi zote zile. Tatizo lilikuwa kichwani zaidi, daftari la mipango la Walsh lilikuwa nene na dogo anakimbia huku anawaza aende wapi, mpira unafika bado anawaza. Desemba mambo yakafunguka, mechi ya Jumatatu usiku dhidi ya Rams akadaka 10 kwa yadi 241. Timu ilifungwa siku ile lakini kuzomewa kukaisha.

Ila usifikiri ndo akawa malaika. Msimu uliofuata alikuwa na yadi 1,570 na tachidauni 15, halafu kwenye mtoano, Januari 1987 dhidi ya Giants, mwanzoni kabisa mwa mechi, anadaka slanti, pasi fupi ya kukata ndani, kawaacha wote, yuko peke yake anaelekea kufunga, hakuna aliyemgusa, na mpira ukamponyoka. Hivi hivi tu. Giants wakaudaka na mechi ikaisha 49 kwa 3. Huwa naitaja hiyo kwa wanaosema mikono yake ilikuwa na sumaku tangu kuzaliwa.

Kama hakuwa na spidi, mabeki alikuwa anawaachaje?

Hili ndo swali lenyewe, na kwangu mimi ukilijibu hili umemwelewa Rice.

Kwa saa ya yadi 40, kipimo wanachokiabudu Wamarekani, Rice hakuwa mtu wa kutisha, na timu kadhaa zilimwogopa kwa sababu hiyo. Lakini nani anakimbia yadi 40 mstari mnyoofu bila mtu mbele yake kwenye mechi? Angalia ruti zake hatua tano za mwanzo. Zote zinafanana. Awe anakwenda mbali, awe anakata ndani, awe anasimama ghafla, mabega yako vilevile, kichwa kiko vilevile, mikono inapiga vilevile, beki anayemkaba hana cha kusoma. Marisiva wengi wakitaka kukata wanapunguza mwendo kidogo na kuinuka, ni kama wamepiga honi. Rice alikuwa anakata akiwa kwenye mwendo uleule.

Sasa chukua slanti, ruti rahisi kuliko zote, hatua chache mbele halafu unakata ndani kwa mshazari. Kwenye mfumo wa Walsh, ule ambao baadaye ukaja kuitwa West Coast, kwotabeki anarudi nyuma hatua tatu na mpira unatoka mkononi wakati risiva hata hajageuza kichwa. Anageuka mpira uko hapo, usawa wa kifua, kidogo mbele yake, anadaka bila kupunguza mwendo. Beki aliyemfuata yuko nusu hatua nyuma, na nusu hatua kwa Rice ilikuwa inatosha, maana tangu hapo hukuti mtu anamkamata. Ndo maana nasema ile saa ilikuwa inadanganya, jamaa akiwa na mpira mkononi alikuwa na spidi nyingine, pasi ya yadi 8 inakuwa tachidauni ya yadi 60 na kwenye takwimu inaonekana kama kwotabeki kapiga mpira mrefu.

Na mazoezini alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengine mwanzoni. Kila akidaka, hata pasi ya yadi tano, anakimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja. Wenzake wanadaka, wanarudisha mpira, wanarudi kwenye mstari. Yeye anakwenda mpaka kule, kila mara, msimu mzima.

Na kile kilima alichokuwa anafanyia mazoezi?

Kiko Edgewood Park, kusini ya San Francisco maeneo ya San Carlos, njia ya kupanda kama maili mbili na nusu, kilomita nne hivi. Roger Craig, mkimbiaji wa 49ers, ndo alimpeleka. Msimu ukiisha wenzao wako ufukweni, wao asubuhi kilima, mchana vyuma, siku sita kwa wiki. Waliokuja kujaribu nao wengine waliishia kutapika njiani na hawakurudi.

1987 kulitokea nini? Naona watu wanaitaja kama mwaka wa miujiza.

Tachidauni 22 za kudaka, mechi 12. Wachezaji waligoma mwaka ule, wiki moja ya mechi ikafutwa na tatu zikachezwa na wachezaji wa kuokoteza, kwa hiyo Rice alicheza 12 tu. Aliyemfuata kwenye ligi, Mike Quick wa Philadelphia, alikuwa na 11. Nusu! Rekodi ilidumu miaka 20 mpaka risiva mwingine, Randy Moss, alipofunga 23 mwaka 2007, na Moss alizifunga kwa mechi 16. Sitaki ugomvi ila fanya hesabu mwenyewe.

Super Bowl ya 1989, ile na Bengals, kwa nini inazungumzwa mpaka leo?

Januari 22, 1989, Miami. Rice kaingia na kifundo cha mguu kibovu, na amedaka 11, yadi 215, tachidauni moja, ile aliyounyoosha mpira kwa mkono juu ya mstari akiwa anatolewa nje kwenye kona. Akawa mchezaji bora wa mechi. Lakini wanachokumbuka wengi ni zile dakika tatu za mwisho.

Bengals wanaongoza 16 kwa 13. 49ers wana mpira yadi 8 kutoka mstari wao wenyewe, yaani uwanja mzima uko mbele yao, yadi 92. Kwotabeki wao Joe Montana anaanza kupiga pasi fupi fupi, wanasogea, wamefika upande wa Bengals halafu wanapigwa adhabu, wanarudishwa nyuma, sasa ni jaribio la pili na wanahitaji yadi 20. Hapo kila mtu uwanjani anajua mpira unakwenda kwa nani. Rice anakata katikati, anadaka kati ya mabeki watatu, na badala ya kuangushwa pale pale anapenya, yadi 27. Wako yadi 18 tu kutoka mstari wa kufunga.

Halafu pasi ya mwisho, ambayo wengi wanadhani ilikuwa yake, haikuwa yake. Kabla ya mpira kuanza Rice akatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine, macho ya Bengals yote yakaenda naye, na John Taylor akabaki na nafasi katikati, yadi 10, tachidauni, zimebaki sekunde 34. Ishirini kwa kumi na sita. Mimi hiyo naihesabu ni ya Rice vilevile hata kama haiko kwenye takwimu zake.

Super Bowl zake nyingine?

Mwaka uliofuata dhidi ya Denver, tachidauni tatu, 55 kwa 10, mechi ya kuchosha kwa kweli maana iliisha mapema. Januari 1995 dhidi ya San Diego, tatu tena, huku bega likiwa limeteguka katikati ya mechi akatoka akarudi. Ya nne alifungwa, Januari 2003 akiwa na Raiders, na hata humo alifunga moja.

Bila Montana angekuwa nani?

Swali la uchokozi hili, ila jibu liko kwenye namba. Tachidauni alizopewa na Montana ni 55. Alizopewa na Steve Young, kwotabeki aliyemrithi Montana, ni 85. Halafu kaenda Oakland akiwa mzee, kwotabeki ni Rich Gannon, na bado akapata yadi zaidi ya elfu moja misimu miwili mfululizo. Ni kweli alibahatika, kucheza na makwotabeki wawili wa Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa mchezo, mfululizo ni bahati kubwa na anayekataa anaficha ukweli. Ila Young alikuwa anapiga mkono wa kushoto, mpira unazunguka kinyume, unakuja tofauti kabisa na wa Montana, na Rice hakuyumba.

Lile goti la 1997?

Mechi ya kwanza ya msimu, Agosti 31, Tampa Bay. Warren Sapp, beki wa Tampa Bay, kamshika kwenye nyavu ya kofia akamzungusha, mguu ukabaki chini, kano mbili za goti la kushoto zikachanika. Umri 34. Madaktari na watu wote wenye akili walisema tutaonana mwakani. Yeye karudi Desemba 15, mwaka uleule, usiku ambao 49ers walikuwa wanastaafisha jezi ya Montana. Kadaka tachidauni, kaanguka nayo, na kwenye kuanguka goti lilelile likavunjika kifuniko, msimu ukaisha. Watu wanaisimulia kama ushujaa. Mimi naona alikosea kurudi mapema na timu ilikosea kumruhusu, haikuwa na sababu yoyote zaidi ya ubishi wake. Ila ubishi huohuo ndo ulimfikisha misimu 20, kwa hiyo sijui.

Kwa nini aliondoka 49ers?

Umri na hela. Timu ilikuwa imebanwa na kikomo cha mishahara na risiva wa baadaye alikuwa ameshapatikana, Terrell Owens. Mechi ya mwisho ya Rice nyumbani, Desemba 2000 dhidi ya Chicago, uwanja mzima umekuja kumuaga yeye, na Owens akadaka 20, rekodi ya ligi wakati ule. Siku ya kuagwa kwako. Hiyo picha inauma.

Akavuka daraja tu kwenda Oakland. Mwaka 2002 akiwa ametimiza miaka 40 akadaka 92 kwa yadi 1,211 na timu ikafika Super Bowl. Maisha ya kawaida ya mchezaji wa NFL inakadiriwa ni miaka mitatu na kitu, sasa wewe pima.

Seattle na Denver, si angestaafu mapema tu?

Watu wengi wanasema hivyo. Oktoba 2004 Raiders walikuwa hawampigii pasi, akaomba kuondoka, Seattle wakampata kwa nafasi ya raundi ya saba, yaani karibu na bure. Jezi 80 ya kule ilikuwa imestaafishwa kwa heshima ya Steve Largent, risiva wao wa zamani, ikabidi Largent mwenyewe atoe ruhusa, na hilo baadhi ya mashabiki wa Seattle halikuwafurahisha. Mwaka 2005 akaenda kujaribu Denver, akaona atakuwa risiva wa akiba, Septemba 5 akatangaza kustaafu. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Mtu anapenda kazi yake, wanaomhurumia ndo wenye shida.

Rekodi zake kuna atakayezivunja?

Za msimu mmoja zimeshakwenda. Yadi zake 1,848 za mwaka 1995 zilipitwa na Calvin Johnson mwaka 2012 kwa 1,964. Za maisha ni habari nyingine. Kadaka 1,549, yadi 22,895, tachidauni za kudaka 197, na ukijumlisha za aina zote ni 208. Anayemfuata kwa yadi ni Larry Fitzgerald, 17,492, na huyo kacheza misimu 17. Pengo ni yadi 5,403. Ukipata yadi elfu moja kila msimu, kitu ambacho marisiva wazuri wanakisherehekea, kwa miaka 20 bila kukosa, bado unadaiwa 2,895. Ukizigeuza zile 22,895 kuwa kilomita ni karibu 21, nusu marathoni nzima ya kukabwa na watu wa kilo mia.

Sasa hivi kanuni zinawabeba marisiva, tangu 2004 marefa wamekaza kuwaadhibu mabeki wanaowashika, na tangu 2021 msimu una mechi 17. Kwa hiyo labda. Ila nani atacheza miaka 20?

Ile ishu ya gundi?

Ipo na haifichiki. Mwaka 2015 alisema mwenyewe kwenye televisheni kwamba alikuwa anapulizia kidogo kitu cha kunata kwenye glovu, na ligi ilishakipiga marufuku tangu 1981. Kelele zikawa nyingi, akaomba radhi huku akidai wa enzi zake wote walitumia, na baadhi yao wakakataa wazi. Kavunja kanuni, hilo halina mjadala. Je inafuta kitu? Gundi haikusaidii kumwacha beki, na glovu za leo zilizoruhusiwa zinanata kiasi kwamba watu wanadaka kwa vidole vitatu. Ila anayemkata alama kwa hilo ana haki yake.

Randy Moss je?

Kwa kipaji kitupu, Moss. Urefu, spidi, kuruka, hakuna kama yeye. Kwa kazi ya risiva kuanzia mwanzo mpaka mwisho, Rice, na wala hawakaribiani. Moss mwenyewe alisema wiki ya Super Bowl ya 2013 kwamba yeye ndo bora kuliko wote, Rice akamjibu waweke namba mezani. Tuliobaki tunaendelea kubishana tu.

Kuna mkataba wa dola milioni mbili wa siku moja, aliulipwa kweli?

Hakulipwa hata senti. Agosti 2006 49ers walimsainisha mkataba wa heshima ili astaafu akiwa wao, dola 1,985,806.49. Isome vizuri: 1985 mwaka alioingia, 80 jezi, 6 mwaka wa kustaafu kama wao, 49 timu. Hall of Fame ya Canton ikamwingiza 2010, mwaka wa kwanza aliostahili, pamoja na mkimbiaji Emmitt Smith.

Ana mtoto anayecheza?

Brenden, naye risiva, alichukuliwa na Chargers raundi ya saba, namba 225, drafti ya 2024. Tumwache acheze kwa jina lake.

Nianzie mechi gani?

Usianzie na video za dakika tano zenye muziki, humo utaona tachidauni tu na utadhani mabeki wa zamani walikuwa wazembe. Tafuta Super Bowl ya 1989 nzima, na kuna ujinga fulani wa robo ya kwanza na ya pili, pointi ni 3 kwa 3 mpaka mapumziko, vumilia. Mfuate namba 80 hata asipopewa mpira. Ukimaliza hiyo tafuta ya Rams ya Desemba 1985, kisha ile ya Atlanta ya Oktoba 1990 aliyofunga tano.